Mizani ya pamba: kisa cha Mwanza, 1950 hadi 1965

Babu yangu hakuwahi kwenda shule, ila namba alizijua. Hata uzeeni, akienda dukani kununua kilo moja ya sukari, alisogea mpaka uso wake ukakaribia kugusa mizani, akasubiri mshale utulie, akaitamka namba kwa sauti, ndipo akatoa hela. Sisi wajukuu tulikuwa tunaona aibu. Wenye maduka wengine walikasirika, wakadhani anawaita wezi mbele ya watu. Nilikuwa mtu mzima tayari nilipokuja kuelewa kwamba tabia ile aliitoa kwenye vituo vya kununulia pamba upande wa Magu, enzi za Mwingereza, na kwamba haikuwa yake peke yake. Kizazi kizima cha wakulima wa Usukuma kilijifunza kusoma mshale wa mizani kabla ya kujifunza kusoma jina la chama cha siasa.

Nimeufikiria ule mshale kila ninaposikia tukisimuliana habari za viongozi walioijenga nchi hii. Masimulizi yetu huanza Julai 7, 1954, TANU ilipozaliwa Dar es Salaam, yakapitia Pugu, Mwalimu alikoacha kazi ya ualimu mwaka 1955, yakapanda ndege hadi Umoja wa Mataifa, yakatua Tabora kwenye uamuzi wa kura tatu mwaka 1958, wa kukubali uchaguzi uliomtaka kila mpiga kura achague Mwafrika, Mhindi na Mzungu, yakaishia kwenye bendera ya Desemba 9, 1961. Ni masimulizi ya kweli na ninayapenda. Lakini kwa anayekaa Mwanza yana pengo kubwa katikati. Mwishoni mwa 1954, miezi michache tu baada ya TANU kuanzishwa, serikali ya kikoloni iliikatalia isifanye kazi Mwanza na katika wilaya za Usukuma. Marufuku hiyo ilidumu hadi 1958. Kwa muda wa miaka kama minne, huku watu wa Pwani na Kilimanjaro wakikata kadi na kuhutubiwa hadharani, Wasukuma, kabila kubwa kuliko yote nchini, hawakuwa na tawi halali la chama.

Kwa hesabu ya kawaida, eneo la namna hiyo lingebaki nyuma. Mwaka 1958 mlango ulipofunguliwa, ilionekana vingine. TANU iliwakuta watu waliokwisha kuzoea kuchagua viongozi, kuweka kumbukumbu za mikutano, kuchanga fedha na kudai hesabu. Hicho ndicho kisa ninachotaka kukichambua: watu hao walijipangaje wakati siasa imefungwa, nani aliwaongoza, na uongozi ule uligharimu nini.

Pamba yenyewe

Bila kuijua biashara ya pamba, kisa hiki hakieleweki. Kanda ya Ziwa ndiyo iliyokuwa, na mpaka leo ndiyo, ghala la pamba la nchi. Sehemu ya tisa kwa kumi na zaidi hutoka huku. Mkulima hupanda mvua za Novemba na Desemba, hupalilia, na kuanzia Mei au Juni huvuna. Jioni familia inakaa barazani kuchambua: pamba safi upande huu, pamba fifi, ile ya daraja la chini, upande ule. Kisha mzigo unafungwa na kubebwa kichwani, kwa baiskeli au kwa punda hadi kituo cha kununulia.

Kituoni alikuwapo mnunuzi, mara nyingi mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi, akinunua kwa niaba ya mwenye kinu cha kuchambulia, yaani cha kutenganisha nyuzi na mbegu. Bei ilipangwa na serikali, na kuanzia 1952 kulikuwa na bodi ya serikali ya kuuza nyuzi na mbegu. Mtu atauliza, kama bei imepangwa, mkulima aliibiwa wapi? Jibu ni kwamba aliibiwa palepale kwa sababu bei ilipangwa. Mnunuzi hakuweza kucheza na bei, hivyo nafasi pekee iliyobaki ya kujiongezea faida ilikuwa kwenye uzito na kwenye daraja. Mshale ukirudi nyuma kidogo kwa kidole kilichojificha, au pamba safi ikiandikwa fifi, faida imepatikana, na aliyeibiwa hana namna ya kuthibitisha.

Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme bei ni senti 50 kwa ratili (karibu nusu kilo), na mzigo wa ratili 60 umepimwa 54. Mkulima amepoteza shilingi tatu. Kwa mzigo mmoja inaonekana ndogo. Lakini akipeleka mizigo kumi msimu ule, zimekwenda shilingi thelathini, na kwa mtu ambaye fedha taslimu anazishika mara moja kwa mwaka, hizo ni kodi ya kichwa na nguo za watoto. Sasa zidisha kwa kaya zote kuanzia Magu hadi Geita, Kwimba hadi Maswa, Ukerewe hadi Musoma.

Nisiwasingizie wanunuzi wote. Babu alimkumbuka mmoja aliyepima sawasawa, na akasema foleni yake ilikuwa ndefu kuliko zote, watu wakalala pale pale ili wapimiwe naye asubuhi. Kwangu habari hiyo ni ushahidi mkubwa kuliko malalamiko yote. Wakulima walijua vizuri nani anaiba na nani haibi. Walichokosa ni karatasi ya kuonyesha.

Kijana wa makarani

Paul Bomani alizaliwa Musoma mwaka 1925, mtoto wa mhubiri wa Kisabato, akasoma katika shule za misheni za Nassa na Ikizu. Alifanya kazi ya ukarani kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui, kisha akaja Mwanza, na mwaka 1947 akawa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika wa mji huu. Ushirika ule ulitaka kuwapa wenye vijiduka vya Kiafrika nguvu ya kununua bidhaa kwa jumla. Mji wa Mwanza wakati huo ulikuwa na tabaka dogo la vijana wa namna yake: makarani, walimu, wafanyabiashara wadogo, watu waliojua Kiingereza kidogo na hesabu nyingi, na ambao mshahara wao haukulingana hata kidogo na akili zao.

Wengi wa vijana hao walikutana katika African Association, ambayo baadaye iliitwa TAA na ndiyo iliyozaa TANU. Bomani alikuwamo, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliiongoza katika Jimbo la Ziwa. Walikuwamo pia Bhoke Munanka, mtu wa Tarime, na Saadani Abdu Kandoro, mshairi aliyetoka upande wa Kigoma na ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa waasisi 17 wa TANU. Tawi la Mwanza lilikuwa miongoni mwa matawi makali kuliko yote nchini. Sababu za ukali zilikuwepo. Kuanzia 1947 serikali ilikuwa imeanzisha mpango wa maendeleo ya Usukuma, wenye amri juu ya amri: punguza ng'ombe, lima matuta hivi, panda mihogo kiasi hiki, lipa ada hii. Amri zilipitia kwa watemi, machifu wa Kisukuma, ambao serikali ilikuwa imewaunganisha katika shirikisho lao huko Malya, na mtemi aliyewahi kuwa baba wa watu akajikuta msimamizi wa faini. Anayemfahamu Msukuma na ng'ombe wake ataelewa jeraha lililokuwa pale.

Mwaka 1950 Bomani na wenzake walianzisha chama cha wakulima wa pamba cha Jimbo la Ziwa. Hapa ndipo penye uamuzi ninaouona kuwa kiini cha kisa chote. Walikuwa na malalamiko mengi ya kuchagua: ng'ombe, matuta, ada, watemi, ardhi. Wangeweza kuandika barua kwa Gavana kama TAA ilivyokuwa ikifanya, na barua ikajibiwa kwa heshima na kuwekwa kwenye faili. Wangeweza kuwahimiza wakulima wagome kuuza, na pamba ikanyeshewa majumbani kabla ya mnunuzi kuhisi njaa. Wakachagua mizani.

Utaratibu ulikuwa rahisi kiasi cha kushangaza. Karani wa wakulima aliketi na mizani yake karibu na kituo cha mnunuzi. Mkulima alipima kwanza kwake, akaujua uzito wa mzigo wake, ndipo akaingia kwa mnunuzi. Mshale wa ndani ukisema tofauti na wa nje, mtu alikuwa na neno la kusema, na nyuma yake wamesimama wenzake wenye neno hilohilo.

Fikiria jambo hilo lilimfanya nini mkulima. Kabla ya hapo, akilalamika, lilikuwa neno la mtu asiyejua kusoma dhidi ya neno la mwenye daftari. Sasa naye ana daftari. Hakuhitaji hotuba ya kumwambia kwamba yeye ni sawa na mwingine. Aliuona usawa ukitingishika na kutulia mbele ya macho yake. Tena hakukuwa na sheria ya kumkamata mtu kwa kosa la kupima pamba yake mwenyewe.

Kutoka barazani hadi kiwandani

Kumpima mwizi ni hatua ya kwanza tu. Anayebaki kwenye mizani ya ukaguzi bado anamuuzia yuleyule. Bomani aliliona hilo mapema. Sheria ya vyama vya ushirika ilikuwapo tangu 1932, na Wachaga walikwisha kuitumia kuunda ushirika wao, KNCU, kwa ajili ya kahawa mwaka 1933. Kwa hiyo njia ilikuwapo, ila ilikuwa na masharti: vyama viandikishwe, vitunze vitabu, vikaguliwe. Mwaka 1953 Bomani alikwenda Uingereza, chuo cha ushirika cha Loughborough, akarudi 1954. Mwaka 1955 ikaundwa Victoria Federation of Co-operative Unions, shirikisho la vyama vya ushirika, ambayo wazee bado wanaiita kwa herufi zake tu, VFCU, na yeye akawa meneja wake.

Muundo wake ulikuwa wa ngazi tatu. Chini kabisa ni chama cha msingi, kila kimoja na kamati yake, karani wake na mizani yake. Juu yake ni muungano wa vyama vya eneo, na juu kabisa ni Federation yenyewe pale Mwanza mjini. Walianza kwa kununua pamba, halafu wakaingia kwenye kuichambua. Kinu cha Kasamwa, Geita, kilikuwa miongoni mwa vya mwanzo. Ilipofika karibu na mwaka 1960, pamba ya jimbo zima ilikuwa ikipita mikononi mwa ushirika. Miaka kumi tu, kutoka mizani ya kando ya njia hadi hapo. Sijui kisa kingine cha uchumi wa Waafrika wa enzi ile, Afrika Mashariki nzima, kilichokwenda kwa mwendo huo.

Watu huuliza kwa nini ulisambaa haraka hivyo. Wengi hutaja faida, na faida ilikuwapo. Mimi naona kitu kingine kilichokuwa tayari ardhini kabla ya Bomani kuzaliwa. Vijiji vya Kisukuma vilikuwa na utaratibu wa elika, kundi la kulima kwa zamu mashamba ya wanachama, likiongozwa na kiongozi wa vijana, nsumba ntale. Huyu hakuwa mtemi wala hakuteuliwa na mtemi. Alichaguliwa na wenzake kwa kazi yake na busara yake, na asipoweza aliachwa. Chama cha msingi kilipofika kijijini kikitaka kamati ya kuchaguliwa, hakikuleta kitu kigeni. Kilivisha utaratibu wa zamani shati jipya na kuuwekea daftari. Mzee aliyewahi kuongoza elika alijua namna ya kuongoza kamati. Alichohitaji ni kijana aliyemaliza darasa la nne wa kumwandikia.

Ushirika ukafanya jambo ambalo hakuna utemi uliowahi kulifanya. Msukuma, Mzinza, Mkerewe, Mkara na Mjita wakakaa meza moja, wajumbe wa vyama vyao, wakajadili bei, usafiri na mbegu. Walibishana sana, na waliyokuwa wakibishania yalikuwa mali yao.

Miaka ya mlango uliofungwa

Sasa turudi mwishoni mwa 1954. Serikali ileile iliyoikatalia TANU isifanye kazi Usukuma ndiyo iliyokuwa ikiandikisha vyama vya ushirika hukohuko, chama baada ya chama. Kwa nje ni mkanganyiko. Kwa ndani kulikuwa na mantiki: utawala wa Gavana Twining ulidhani ushirika ni dawa ya siasa. Mwafrika mwenye mzani na kinu, walifikiri, hatakuwa na muda wa kupiga kelele za uhuru. Na kumwonyesha Bomani kwamba wanamthamini, wakamteua kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria.

Hapa kisa kinakuwa kigumu na sitaki kukipitia juu juu. Bomani alikubali uteuzi. Aliketi barazani kwa kuteuliwa na serikali wakati ambapo marafiki zake wa TAA, Munanka na wengine, walikuwa wakizuiwa hata kukutana kwa jina la chama chao. Mtu wa Mwanza wa mwaka 1956 angeweza kabisa kumwita kibaraka, na si ajabu wapo waliofanya hivyo. Ushirika nao ulilazimika kujitangaza kuwa hauna siasa. Kauli hiyo iliwalinda makarani wasifukuzwe na vyama visifutwe, lakini pia iliwafunga midomo watu katika miaka ambayo midomo ilihitajika.

Mwalimu Nyerere, naye mtoto wa jimbo hilihili, alizaliwa Butiama na kuanza shule Mwisenge, Musoma. Katika miaka hiyohiyo alipita njia nyingine. Aliacha mshahara wa Pugu. Mwaka 1957 alipigwa marufuku kuhutubia mikutano ya hadhara. Mwaka huohuo aliteuliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, na kabla mwaka haujaisha alijiuzulu akisema serikali haikuwa tayari kukubali hata madai madogo. Agosti 1958 mahakama ilimtia hatiani kwa makala katika Sauti ya TANU iliyowashutumu wakuu wa wilaya, akatozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, na faini ikalipwa. Ukiwaweka wawili hao bega kwa bega, mmoja anaondoka barazani, mwingine anabaki, ni rahisi sana kusema nani alikuwa shujaa na nani hakuwa.

Mimi nimeisoma hesabu hiyo mara nyingi na siioni kuwa rahisi. Nyerere alipotoka barazani alikuwa na chama cha kurudia, chenye matawi na wanachama walioandikishwa. Bomani angetoka barazani mwaka 1956 angerudi wapi? Jimboni kwake chama hakikuruhusiwa. Angerudi kwenye ofisi ya VFCU, na serikali iliyomwona adui ingeanza kumtumia Mrajisi wa vyama vya ushirika kama rungu: chama hiki vitabu vyake haviko sawa, kile kifutwe. Alikuwa amebeba jungu la moto la watu wengine, na aliye na jungu kichwani harushi mawe. Hilo halimfanyi kuwa mkubwa kuliko Munanka au Kandoro, ambao walibaki upande wenye joto na hawakuwa na ofisi ya kujikinga. Kazi ilikuwa moja, mgongo mmoja ukibeba zao, mwingine ukibeba fimbo za polisi. Naamini kwa dhati kwamba bila wale wakali serikali isingekuwa na sababu ya kumbembeleza mpole, na bila mpole wale wakali wangefunguliwa mlango mwaka 1958 na kukuta ukumbi mtupu.

Geita, 1958

Mlango ulipasukia Geita. Serikali ilitaka kuweka huko baraza la wilaya la mseto, Waafrika, Wazungu na Wahindi pamoja, wakati idadi ya wasio Waafrika wilayani ilikuwa ndogo mno. Siasa ya mseto ilikuwa imechukiwa nchi nzima, lakini kwa mtu wa Geita ilikuwa na maana ya karibu zaidi: wanunuzi ambao wao walikuwa wamewaondoa kwenye mizani sasa wanarudishwa kwa mlango wa baraza. Watu walikataa kuwatii watemi waliokubali mpango ule. Julai 1958 mamia kwa mamia walifunga safari hadi Mwanza kudai wasikilizwe na wakuu wa jimbo. Walipiga kambi mjini kwa siku kadhaa. Waliondolewa na polisi kwa mabomu ya machozi.

Natamani kisa hiki kifundishwe hapa mkoani kama Maji Maji inavyofundishwa Songea. Watu walitembea bila silaha, wakakaa chini, wakasubiri jibu. Mpaka juzijuzi, aliyetoka Geita kuja Mwanza alisubiri kivuko cha Busisi kwenda Kigongo. Leo anapita juu ya daraja la kilometa tatu lililofunguliwa mwaka 2025, na sidhani wengi wanaopita pale kwa dakika chache wanajua waliowatangulia walikuja mjini kwa shida ipi.

Wakati huohuo Gavana alikuwa amebadilika. Richard Turnbull alichukua nafasi ya Twining katikati ya 1958, naye hakuwa na hamu ya kuitawala Usukuma kwa mabomu ya machozi. Mpango wa mseto wa Geita ukafa, na kabla mwaka kuisha TANU ikaruhusiwa kufanya kazi waziwazi.

Waandaaji wa chama walipoingia vijijini, hawakuanza na mtaa usio na kitu. Kila palipokuwa na chama cha msingi, kulikuwa na mwenyekiti aliyezoea kusimama mbele ya watu, mweka hazina aliyezoea kuulizwa, na wanachama waliojua kwamba kiongozi anayekataa kuulizwa ana jambo. Babu alikata kadi ya TANU kwa mtu yuleyule aliyekuwa akimwandikia pamba. Aliponisimulia hilo hakuliona kuwa jambo la ajabu. "Tulimjua anaandika namba vizuri," alisema, basi.

Bei iliyolipwa

Septemba 1960 Nyerere alipounda serikali yake ya kwanza, Bomani aliingia kama Waziri wa Kilimo na Maendeleo ya Ushirika. Mwaka 1962 akawa Waziri wa Fedha, Mwafrika wa kwanza kukamata wizara hiyo. Ndugu yake, Mark, akaja kuwa Mwanasheria Mkuu wa kwanza Mwafrika. Ungedhani kisa kinaishia hapo, juu ya kilima.

Kumbe kuanzia hapo kinapinda. Ushirika uliokuwa njia ya kutoka kwa mnunuzi mmoja ukawa wenyewe ndiye mnunuzi pekee. Mkulima asiyeridhika hakuwa tena na kituo cha pili cha kwenda. Makato yaliongezeka: ya muungano, ya Federation, ya huku na kule. Wajumbe waliokuwa majirani wakaanza kupanda magari. Na jambo ambalo linaniuma kuliko yote: mchezo wa mizani ukarudi, safari hii kwa mkono wa karani Mwafrika aliyeajiriwa na wakulima wenyewe. Babu alinisimulia karani mmoja wa chama cha msingi, sitaji chama gani, aliyekuwa na ukucha mrefu wa kidole gumba, na kazi ya ukucha huo.

Mwaka 1965 ulifanyika uchaguzi mkuu wa kwanza chini ya chama kimoja. Karibu kila jimbo, wagombea wawili wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine kwa alama ya nyumba. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mwanzilishi wa VFCU, alisimama nyumbani kwao Mwanza na akashindwa.

Walimwangusha wakulima wale wale. Kuna wanaoliona tukio hilo kama utovu wa shukrani, na nimesikia wazee wakilisemea kwa huzuni. Mimi silioni hivyo. Mwaka 1950 mtu huyu aliwafundisha kwamba mwenye daftari lazima akaguliwe, na hakuwaambia kwamba yeye mwenyewe hahusiki. Nyerere alimteua tena bungeni na kumpa wizara nyingine, baadaye akawa balozi Marekani kwa zaidi ya miaka kumi, na alifariki mwaka 2005 akiwa na heshima zake zote. Mwaka 1966 tume ya Rais iliyochunguza ushirika nchini ilikuta wizi, upendeleo wa kindugu na uzembe katika vyama vingi, serikali ikaingilia, na mwaka 1968 VFCU ikageuzwa kuwa chama kikuu cha ushirika cha Nyanza. Mwaka 1976 vyama vikuu vyote vya ushirika vilifutwa. Vikarudishwa miaka ya 1980 vikiwa si vile tena.

Nilimuuliza babu mara mbili, kwa miaka tofauti, mwaka ule wa 1965 alichagua jembe au nyumba. Mara ya kwanza alijifanya hajasikia. Mara ya pili alikuwa anakaribia mwisho wake, amelala kwenye mkeka chini ya mwembe, na mimi nilishakuwa mtu mzima wa kuulizia mambo kama hayo. Alinitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Nilipima kwanza."